UZI: Wazamiaji wa zamani, wale wa kofia la shaba na viatu vya risasi. Roho ilikuwa mikononi mwa mshika kamba

Mchokoo:
Wakuu habari za jioni. Kwanza niwatoe hofu wale walioona neno wazamiaji wakakimbilia humu, huu sio uzi wa kuzamia Sauzi wala wa kujificha kwenye meli ya makontena. Naongelea wale wa kushuka chini ya bahari kwa mshahara.

Juzi nilikuwa namsubiri mtu kwenye hoteli moja pale Masaki, risepsheni wameweka kofia kubwa la shaba la mzamiaji, lina vioo vya duara, ndani wametia balbu ya njano, kila anayepita anapiga nalo selfi. Nikakaa nalitazama nikasema hawa watu wangejua. Haya mambo nimeyafuatilia miaka mingi kwa kupenda tu, basi nayamwaga hapa kidogo kidogo, mnivumilie kwa spidi maana natumia simu.

Kofia lenyewe lilianzia kwenye moto, majini lilikuja baadae. Kuna ndugu wawili Waingereza, Charles na John Deane. Charles mwaka 1823 alipata hataza (haki ya ubunifu) ya kofia la kuingilia kwenye moshi, unalivaa, mtu nje anakupulizia hewa kwa mpira, unaingia kwenye jengo linaloungua. Wateja hawakuja. Wakaona kama linazuia moshi si litazuia na maji, mpaka kufikia 1830 hivi walikuwa wanashuka nalo kwenye meli zilizozama na kupandisha mizinga.

Sasa hilo la kwanza lilikuwa wazi kwa chini. Chukua glasi tupu igeuze uizamishe kwenye ndoo, hewa inabaki ndani, si ndio? Hivo hivo. Ukisimama wima uko salama, ukijikwaa ukaanguka kifudifudi maji yanakufuata mpaka puani. Ndo akaja Augustus Siebe, fundi Mjerumani aliyekuwa na karakana London, mwishoni mwa miaka ya 1830 akaliunga kofia na suti nzima isiyopitisha maji, hewa ikawa inatokea kwenye valvu. Muundo huo ulidumu zaidi ya miaka 100 bila kubadilika sana, jeshi la maji la Marekani lenyewe liliachana na kofia za aina hiyo miaka ya 1980.

Naendelea, ngoja nile.

Kandambili:
Nimeweka mkeka hapa. Mkuu usituache kama ule uzi wako wa reli.

Pweza Mkavu:
Viatu vya risasi? Risasi za bunduki au?

Mchokoo:
@Pweza Mkavu risasi madini mkuu, ile nzito ya kwenye betri za gari. Soli ya kiatu ilikuwa ni risasi tupu, kiatu kimoja kilo 8 hivi. Bila hivo suti imejaa hewa ingekuning'iniza miguu juu kichwa chini.

Haya tuendelee. Mzamiaji hakuwa anavaa mwenyewe, alikuwa anavalishwa kama bibi harusi. Anakaa kwenye kigoda, kwanza masweta na soksi za sufi mbili tatu maana chini ni baridi, kichwani kofia ya kufuma. Halafu suti, ni turubai mbili katikati kuna mpira, anaingilia kwenye shingo, watu wawili wanaipanua na kuivuta huku yeye anajitikisa ashuke ndani. Mikono inapakwa sabuni ndo ipite kwenye zile pingili za mpira za kubana kiwiko cha mkono, bila sabuni haupiti. Baada ya hapo bamba la shaba mabegani, linafungwa kwa nati kuzunguka shingo, vile viatu, kisha mzigo wa risasi kilo 18 kifuani na mwingine kilo 18 mgongoni. Jumla inafika kilo 80 na kitu. Umebeba mtu mzima mwenzio na bado hujaanza kazi.

Mwisho kofia, linatumbukizwa na kuzungushwa kidogo likamate. Na hapa muwe makini, kioo cha mbele hakifungwi mpaka pampu imeshaanza kuzungushwa. Kikishakazwa pale hausikii tena mtu anasema nini, unasikia hewa tu inapiga shhh shhh kwa mapigo ya pampu. Mtu wako anakupiga kofi juu ya kofia, maana yake shuka.

Hakuna mtungi mgongoni. Kule juu kuna pampu ina magurudumu makubwa mawili na watu wanazungusha kwa mikono, wakichoka wanapokezana. Na kuna mtu mmoja ameshika kamba. Huyo hasogei, havuti sigara, hapigi stori. Mvuto mmoja, vipi mzima? Unajibu mmoja, mzima. Minne, nipandishe. Simu za kwenye kofia zilikuja baadae sana.

fundi_kiroba:
Duh. Na akisinzia huyo wa pampu?

Mchokoo:
Kuna mambo mawili na yote mabaya. Hewa ikizidi na mzamiaji akachelewa kuitoa (valvu alikuwa anaibonyeza kwa kichwa), suti inavimba kama puto, mikono inanyooka kama sanamu la nguo, hawezi hata kujikuna, anafyatuka mpaka juu. Hewa ikikatika ndo mbaya zaidi. Maji yana uzito, kila mita 10 unaongeza mzigo sawa na hewa yote ya dunia iliyo juu yako, sasa suti ni laini lakini kofia ni gumu. Presha ya ndani ikishuka ghafla maji yanaikamua suti na kila kilicho ndani kinasukumwa kuelekea kwenye kofia. Sitaeleza zaidi kuna watu wanakula.

Hiyo ilitokea hata kwenye kazi ya meli ya vita Royal George. Ilizama pale Spithead Uingereza mwaka 1782, ikawa inaziba njia ya meli, kuanzia 1839 kanali mmoja wa wahandisi wa jeshi, Pasley, akapewa kazi ya kuilipua vipande vipande kwa baruti na kutoa mabaki. Askari wake mmoja mpira wa hewa ulipasuka, akatolewa uso umevimba damu zinamtoka. Somo likaingia, kwenye mdomo wa kofia inawekwa valvu ya kuruhusu hewa iingie tu, isirudi. Kitu kidogo kama kifuniko cha chupa.

Na hapo hapo Royal George askari wawili waligombania gogo huko chini! Wakapigana kweli, mmoja akarusha teke likavunja kioo cha kofia ya mwenzie. Alitolewa mzima. Binadamu bwana, umeshushwa kwenye giza na kamba halafu unagombania ubao.

Kandambili:
Hahaha hao ni kama makonda na wapiga debe wa Mbagala.

Ras Likoni:
Nimesoma yote. Mimi ni mpiga mbizi (huku kwetu Mombasa ukisema mzamiaji watakuelewa lakini si neno letu sana), kazi yangu ni kusugua matumbo ya meli na kukagua propela. Niwaambie tu mambo yamebadilika lakini mshika kamba yuko palepale. Siku ya kwanza kazini mwalimu wangu alinikalisha juu wiki tatu nashika kamba ya wengine kabla sijaruhusiwa kulowa. Nikauliza lini nitashuka, akaniambia siku utakapochoka kuuliza. Kamba ile ina lugha, mtu akiwa na wasiwasi unaujua kabla hajakuashiria, unaona inakaza inalegea inakaza, haina mpangilio.

@Mchokoo hilo kofia la hotelini ulilichungulia kwa nyuma? Tazama kama kuna mahali pa kufunga mpira wa hewa. Yanauzwa mengi ya mapambo.

Mchokoo:
@Ras Likoni saluti kaka, uzi umepata mwenyewe. Sikuchungulia, nitapita tena wiki ijayo nitaangalia.

Sehemu ya pili. Ugonjwa.

Wote hao walikuwa wanadhani hatari iko chini. Madaktari wa Royal George waliandika wazamiaji wanalalamika viungo na mafua, wakasema ni baridi. Kumbe mwili ukiwa kwenye presha unanyonya naitrojeni kutoka kwenye hewa unayovuta, inakaa kwenye damu na mafuta. Ukikaa huko chini hauna tatizo lolote. Ukipanda haraka ndo inatoka kwa mapovu, kama soda iliyorushwarushwa kwenye daladala halafu ukafungua kizibo. Povu likikaa kwenye goti ni maumivu, likikaa kwenye uti wa mgongo miguu imekwenda. Mfaransa Paul Bert ndo alikuja kuithibitisha hii naitrojeni, 1878. Ila kabla yake tayari Wafaransa waliokuwa wakichunguza vibarua wa migodi wanaofanya kazi kwenye hewa ya presha walikuwa na msemo kwamba malipo ni wakati wa kutoka.

Ona sasa ilivyowakuta Wagiriki. Visiwa vya Symi na Kalymnos watu walikuwa wanavua sponji kwa pumzi yao, mtu yuko uchi ameshika jiwe bapa linamvuta chini, anakata sponji, anavutwa juu. Kazi ngumu ila mtu anazeeka. Miaka ya 1860 suti ikafika. Wafanyabiashara wakafurahi, mtu mmoja mwenye suti anakaa chini muda mrefu analeta mzigo wa watu wengi. Wengi hawakuwa wanajua kuhusu kupanda polepole, na nahodha alishalipa pesa ya msimu mapema hivo anataka shuka panda shuka panda. Mabaharia wakaanza kurudi kisiwani wanatembelea fimbo, wengine hawakurudi kabisa, wakazikwa kwenye fukwe za Afrika kaskazini huko walikokuwa wanavua. Mpaka leo Kalymnos wana ngoma inaitwa mihanikos, mchezaji wa mbele anashika fimbo miguu inatetemeka, anacheza mzamiaji aliyepooza. Nenda kaitafute video. Mimi sikuweza kuimaliza mara ya kwanza.

Binti Nungwi:
Hawa si ndio waliokuta zile sanamu za kale?

Mchokoo:
Ndio dada! Mwaka 1900 boti ya Symi ya kapteni Kontos ilijikinga upepo kwenye kisiwa cha Antikythera, wakaona wasikae bure, mzamiaji Elias Stadiatis akashuka zaidi ya mita 40. Punde kamba ikavutwa kwa fujo. Wakampandisha, anatetemeka anasema chini kumejaa maiti za watu na farasi zimeoza. Kapteni akaona huyu hewa imemlevya, akavaa mwenyewe akashuka, akarudi na mkono wa shaba wa sanamu. Ilikuwa meli ya zamani sana ya mizigo, mle ndani ndo kilitoka kile chombo cha magurudumu ya kuhesabia mwendo wa jua na mwezi. Watu wanakisifia chombo. Kwenye kazi ile ya kutoa vitu mzamiaji mmoja alikufa na wawili walipooza, wanatajwa kwa mstari mmoja.

umm_salma_maskati:
Assalaam alaykum jamani. Nimechelewa kuuona uzi. Huku Ghuba kazi ya lulu ilikuwa bila suti, na wengi waliozamia walikuwa watu weusi, wengine walichukuliwa utumwani kutoka pwani yenu hiyo hiyo na wengine ni watoto na wajukuu wao. Babu yake marehemu mume wangu alikuwa mzamiaji. Alikuwa akisimulia kuwa wanakwenda na jahazi miezi minne ya joto, mzamiaji anabana pua kwa kibanio cha pembe, vidole amevivisha ngozi chaza zisimkate, mguuni jiwe, shingoni kikapu. Juu yuko mvutaji wake, anaitwa seib. Seib ni wako msimu mzima, hamchangii mtu mwengine. Babu akisema seib wangu ananijua kuliko mke wangu, kwa sababu mke hajapata kunihesabia pumzi.

Na madeni! Nahodha anakupa pesa kabla ya safari uwachie watoto, ukirudi hisabu haitimii, mwaka ujao unarudi kulipa ya mwaka jana. Ukifa deni halifi na wewe, wanaandikiwa wanao. Kisha lulu za kufugwa za Mjapani Mikimoto zikaja kuivunja biashara miaka ya 1920 na 1930, watu wakalia njaa, lakini babu alisema alilala usingizi mzuri mwaka huo.

MzeeWaKilwa:
Wa alaykum salaam bibi. Hilo la mwisho limenigusa.

Mchokoo:
Shukran sana bi Salma, hii sikuipata kokote. Na sio Ghuba tu, Broome huko Australia magharibi walikuwa wanazamia makombe ya lulu kwa suti, wengi Wajapani waliotoka Wakayama. Yale makombe yaliishia kuwa vifungo vya mashati. Waliozikwa kwenye makaburi ya Kijapani pale wanapita 900, wamo wa ugonjwa huu na wamo wa vimbunga.

Dawa yake ikapatikana kwa mbuzi.

Pweza Mkavu:
Supu?

Mchokoo:
Ningejua utakuja tu. Daktari Haldane wa Uingereza, jeshi la maji lilimwita miaka ya 1900 mwanzoni. Akawafungia mbuzi kwenye tangi la chuma, anapandisha presha, anaishusha kwa njia tofauti anaangalia. Mbuzi akiumwa viungo ananyanyua mguu wa mbele hataki kuukanyagia. Akagundua unaweza kupunguza presha mpaka nusu kwa mkupuo bila madhara, baada ya hapo unasimama, unasubiri, unapanda kidogo, unasimama tena. Vituo kama vya mwendokasi. Halafu akajua kingine ambacho mafundi hawakukipenda, kwamba pampu zilikuwa zinavuja, wanaume wanazungusha gurudumu mpaka jasho halafu hewa inayomfikia mtu kule chini ni kidogo, ndo maana wazamiaji walikuwa wanahema na kuzimia kwenye kina wanasema labda hana kifua. Kifua kilikuwepo, pampu ndo mbovu!

Mwaka 1906 maofisa wawili Damant na Catto wakajaribu hesabu zake Scotland, wakafika mita 64 na wakarudi wazima. Majedwali yakachapishwa 1908. Huyo Damant ndo baadae akapewa kazi ya meli Laurentic iliyogonga mabomu ya baharini Ireland mwaka 1917 ikiwa na vipande 3,211 vya dhahabu. Mpaka 1924 walishapandisha 3,186, kwenye mita 40, bahari ile ni ya mawimbi, meli imeporomoka kama mkate, na hakufiwa na mzamiaji hata mmoja. Linganisheni na Symi.

fundi_kiroba:
Hivi hakuna aliyejaribu kukata kamba aende peke yake?

Mchokoo:
Alikuwepo, Alexander Lambert, 1880. Walikuwa wanachimba handaki la reli chini ya mto Severn likafurika, kuna mlango wa chuma uliachwa wazi mita 300 ndani ya handaki na lazima ufungwe. Akaenda na suti yake, giza, magogo, mpira wa hewa unaburuta unakuwa mzito mpaka haendi mbele. Akarudi. Akavaa kifaa kipya cha Henry Fleuss, mfuko wa oksijeni mgongoni usio na mpira wala pampu, na Fleuss mwenyewe alijaribu kwanza akageuza. Lambert alifika, akafunga mlango, akazungusha na valvu iliyokuwa pale kama alivyoelekezwa. Ilikuwa imefungwa nyuzi za kinyume, kumbe aliifungua. Pamoja na hayo walifanikiwa kukausha.

Na kwa wale mnaodhani kazi hii ni ya bahari kuu tu, kanisa kuu la Winchester lilikuwa linadidimia kwenye tope, mzamiaji William Walker akashuka chini ya msingi kuanzia 1906 mpaka 1911 akiweka mifuko ya zege kwa kupapasa, saa 6 kwa siku, maji meusi haoni hata kidole chake. Chakula cha mchana alikuwa anavua kofia tu, suti hiyo hiyo mwilini, anakula na kuvuta kiko, maana kuvua yote na kuvaa tena ni kupoteza muda.

Binti Nungwi:
Nimekaa kimya ila nasema. Kuna mjomba wangu alizamia majongoo bahari, sio zamani, mimi nikiwa darasa la tano. Tajiri ameleta mitungi, hakuna mafunzo, wanaambiwa tu vuta pumzi kawaida. Siku hiyo alishuka mara nne. Mara ya nne alipanda upesi kwa kuwa hewa ilikuwa inaisha, na mashuani alikuwepo mtoto wa kuchota maji tu. Alifika akacheka, akala ubuyu, jioni anashuka mashuani miguu haikumshika. Tukaambiwa ni pepo wa baharini. Wakamchanjia, wakamfukizia ubani, siku tatu. Leo anashona nyavu kibarazani. Nimemsomea hapo juu habari ya mbuzi akacheka sana, kisha akaniuliza, "Sasa wao walikuwa wanakaa dakika ngapi kila kituo?"

Ras Likoni:
Pole dada. Mwambie mjomba ingetegemea alishuka kina gani na alikaa muda gani, zote nne zinahesabiwa pamoja. Hiyo mara ya nne ndiyo huwamaliza wengi. Na angefikishwa mapema kwenye chumba cha presha huenda angetembea.

MzeeWaKilwa:
Huku kwetu upande wa Rufiji ilizamishwa manuwari ya Mjerumani Königsberg 1915. Yule kamanda wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg iliipiga pale Zanzibar 1914, alikuja kununua haki ya mabaki yake mwaka 1924 akatuma wazamiaji wakatoe shaba. Kisasi hicho.

Mchokoo:
Hahaha mzee wangu hiyo nitaifungulia uzi wake.

@Ras Likoni nimepita leo pale hotelini. Nimeomba ruhusa kwa mlinzi nikaligeuza kidogo. Nyuma ni bati limesuguliwa likang'aa vizuri. Hakuna tundu la mpira wa hewa, tundu lililopo ni la waya wa balbu.